Unataka kazi ya ambulensi? Anza na leseni, kisha hesabu ya oksijeni

Vijana wa Mwanza wanaotaka kuhudumia wagonjwa wa dharura kabla hawajafika hospitali huniuliza wasome kozi gani ya ambulensi. Huwa nawaambia watafute kwanza taaluma yenye baraza na leseni: utabibu, uuguzi au udaktari. Cheti cha huduma ya kwanza ni kizuri, lakini hakikuruhusu kumchoma mama sindano ya oksitosini, dawa ya kuzuia damu, anapovuja damu baada ya kujifungua. Stashahada ya utabibu ni miaka 3 baada ya kidato cha nne, na lazima uwe umefaulu Kemia, Biolojia na Fizikia. Udaktari ni miaka 5 na mwaka 1 wa mafunzo kazini. Ubingwa wa tiba ya dharura, ulioanza kufundishwa Muhimbili mwaka 2010, huongeza miaka 3.

Ukishapata leseni, omba zamu kitengo cha dharura. Tafuta pia mafunzo ya msingi ya dharura ya Shirika la Afya Duniani, ya siku 5 hivi. Uti wake ni ABCDE: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, ufahamu, na kumfunua mgonjwa umkague mwili mzima. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiruka, na jeraha la mgongoni la abiria wa bodaboda hubaki limefichwa na nguo hadi presha inaposhuka.

Kwetu Kanda ya Ziwa sehemu kubwa ya kazi ni rufaa: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya mkoa ya Sekou Toure au ya kanda ya Bugando, zote za Mwanza. Utakaa na mgonjwa muda mrefu. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewaondolea watu wa Sengerema foleni ya kivuko, lakini meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, hadi Mwanza bado ni takriban saa 3. Hapo ndipo hesabu ya oksijeni inapookoa au kuua.

Zidisha ujazo wa mtungi kwa presha inayosomeka kwenye geji. Mtungi wa lita 10 ukiwa na bar 150 una lita 1,500 za oksijeni. Kwa lita 10 kwa dakika utadumu dakika 150. Kwa barakoa yenye mfuko, inayotaka lita 15, dakika 100 tu. Safari ya majini peke yake ni dakika 180, bado hujahesabu kusubiri gatini na barabara ya mjini. Beba mitungi 3, kwa sababu 2 itakufikisha bila akiba ya maana. Fungua kila mmoja kabla ya kuondoka: geji ya mtungi uliofungwa haikuambii kitu, washa (kipete cha kuziba) iliyochakaa huvujisha, na spana iliyosahaulika hospitalini hugeuza mtungi uliojaa kuwa chuma kizito tu. Punguza mtiririko mgonjwa akiwa na oksijeni ya asilimia 94 au zaidi kwenye kipimo cha kidole na anapumua vizuri. Aliyevuta moshi wa jiko la mkaa usimpunguzie, maana kwake kipimo hicho hudanganya.

Mkono nao unahitaji mazoezi. Ambu, yaani mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa kwa mkono, ya mtu mzima hubanwa theluthi moja tu, mara moja kila sekunde 6, kifua kikiinuka kidogo. Hofu humfanya mtu abane haraka na kwa nguvu; hewa huingia tumboni, mgonjwa hutapika, na matapishi huingia kwenye mapafu.

Aliyezama ziwani amekosa hewa kwanza, moyo umefuata. Asipopumua, anza na pumzi 5, kisha mibonyezo 30 kwa pumzi 2: kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika. Mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, utawakuta watu wanambonyeza tumbo ili maji yatoke. Wazuie kwa upole lakini upesi. Maji hayo hayatoki kwenye mapafu, na dakika zinapotea.

Kwa wajawazito na watoto wachanga kuna m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura unaopigiwa namba 115, ambayo hutumia pia madereva wa jamii pale ambulensi isipopatikana. Dereva huyo si mhudumu wa afya. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati amweke mama njia ya mshipa ya kupitishia dawa kabla gari halijaondoka, aandike dawa, kipimo na saa, na apige simu hospitali inayompokea gari likiwa bado mlangoni.