Gharama ya Onyo Linalofika Kabla ya Maji

Mama mmoja wa Kigogo alinionyesha alama ya tope ukutani kwake, juu kidogo ya swichi ya taa. Nilipomuuliza alijuaje kwamba Mto Msimbazi umefurika, alisema aliteremsha mguu kitandani, akakanyaga maji.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 hapa Dar es Salaam. Tangu hapo utabiri umeimarika, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo na tahadhari mapema. Kazi ngumu ni kulifikisha onyo kwa aliyelala.

Wengi wakisikia mfumo wa kisasa hufikiria ujumbe mfupi wa simu. Ujumbe huo hutumwa namba moja moja. Watu wakiwa mamilioni, foleni huwa ndefu, na mtandao ukielemewa kuna watakaoupata maji yameshaingia ndani. Ipo njia nyingine: mnara unarusha onyo mara moja kwa simu zote zilizo katika eneo lake, bila kuhitaji namba ya mtu, na simu inalia kwa mlio wake maalumu. Hapo fedha inakwenda kwenye mitambo ya kila kampuni ya simu, kisha leseni na mafundi, mwaka hadi mwaka. Na bado vitochi vingi vya zamani havipokei mpaka mwenyewe auwashe mpangilio huo. Kwa hiyo redio, kipaza sauti cha msikiti na mjumbe wa shina lazima nao wawemo kwenye bajeti.

Kinachoniuma zaidi ni matunzo. Nimewahi kusimama mbele ya kipimo cha kina cha mto kilichonunuliwa kwa fedha nyingi, betri imekufa, na hakuna fungu la kununua nyingine. Matunzo yatengewe fedha kwanza, ndipo tununue.

Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba kumfikishia kila mtu duniani onyo la mapema kungehitaji dola bilioni 3.1 kwa miaka mitano, yaani kama senti nane za dola kwa mtu kwa mwaka. Onyo la saa 24 tu linaweza kupunguza hasara kwa asilimia 30.

Nikiulizwa jaribio la onyo hili la minara lianzie wapi, nasema Bonde la Msimbazi, saa nane usiku, kabla ya masika, kwa simu zilezile walizonazo watu leo.