Mkigongana Kidogo Barabarani, Msimalizane Bila Maandishi

Idara yetu ya madai ya bima hupokea malalamiko mengi ya aina moja: gari limegongwa kwa nyuma kwenye foleni, madereva wameshuka, wamepeana pole, wamekubaliana "wamalizane", na siku ya tatu simu ya aliyegonga haipatikani. Mlalamikaji mmoja alituletea risiti ya mafuta ambayo nyuma yake palikuwa pameandikwa kwa kalamu ya bluu, "Nitatengeneza bampa na taa", na namba ya simu chini yake, bila jina kamili, bila namba ya gari na bila sahihi. Kwa karatasi hiyo hatukuweza kumfungulia jalada, na iliniuma kumwambia hivyo.

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168, inamtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame na ajitambulishe. Kuondoka ni kosa, hata kama ni taa tu iliyovunjika. Kabla ya maneno mengi, pigeni picha za magari yote mawili yakionekana pamoja na barabara, kisha namba za usajili na leseni za udereva. Uhalali wa bima huhakikiwa papo hapo kwa simu, kwa kuingiza namba ya gari katika TIRA MIS, mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Akiwapo aliyeumia, hata anayesema ni maumivu kidogo ya shingo, hayo si ya kumalizana: piga 112, na majeruhi apatiwe PF3, fomu ya polisi ya matibabu.

Askari wa usalama barabarani akifika, atapima eneo, atachora ramani ya ajali na kuwahoji madereva. Gari hukaguliwa na matokeo huandikwa katika fomu ya polisi PF 93, na taarifa ya polisi kuhusu ajali yenyewe hutolewa katika PF 90. Dereva aliyebainika kuwa na kosa anaweza kuandikiwa faini ya papo kwa hapo, ambayo kwa gari ni shilingi 30,000 kwa kosa, inayolipwa serikalini kwa namba ya malipo. Naomba hili lieleweke vizuri, kwa sababu linapotoshwa kila siku: faini hiyo si fidia ya aliyegongwa, na kuilipa hakumwondolei mkosaji wajibu wa kulipia uharibifu. Kinyume chake, hati ya faini au hukumu ya mahakama ndiyo ambayo kampuni za bima kwa kawaida humwomba aliyegongwa ili kuthibitisha nani alikosea. Anayemsihi askari "yaishe" kwa huruma tu, huku gari lake limebonyea, anaupoteza ushahidi wake mwenyewe.

Wapo pia wanaoamini kwamba bima ndogo itawatengenezea gari lao. Haitalitengeneza. Bima hiyo inamhusu mtu wa tatu, yaani yule uliyemsababishia madhara. Gari lako hutengenezwa na bima kubwa, nayo huwa na kiasi ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe kwanza.

Mteja wetu aliyegonga naye asiahidi malipo wala kukiri kosa kwa maandishi kabla ya kuwasiliana na kampuni yake, kwa kuwa mikataba mingi ya bima inakataza. Atoe taarifa mapema, na gari lisipelekwe kwa fundi kunyooshwa bodi kabla mkadiria hasara hajaliona, kwani bampa lililokwisha kupakwa rangi halituonyeshi lilivyokuwa.

Madai yakikataliwa au yakicheleweshwa, andika kwanza kwa kampuni husika ukiambatisha PF 90, PF 93, nakala ya leseni na kadi ya gari, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usiporidhika na jibu, peleka nakala hizo kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.