Bwawa Jipya Limejaa Maji, Sasa Subiri Yaive

Mvua zikishaanza, simu tunazopokea maafisa ugani wa ufugaji samaki hufanana: "Mtaalamu, bwawa limejaa, vifaranga vya samaki naletewa kesho." Tunashusha pumzi. Bwawa kujaa ni jambo moja, maji kuiva ni jingine, na anayeagiza vifaranga kabla hajaona rangi ya maji yake anaweza kuamka na kuviopoa vimeelea.

Bwawa la udongo lililochimbwa juzi lina sakafu tasa, kwa sababu udongo wenye rutuba umebaki juu kwenye kingo. Ule wa chini, hasa mwekundu, mara nyingi una tindikali. Kabla ya kuingiza maji mwaga chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa mita 100 za mraba, na kuta za ndani usizisahau. Usichukue chokaa ya kupaka nyumba ukatumia kwa kipimo hicho. Ni kali mno. Acha wiki moja, kisha jaza maji hadi kina cha kama mita moja kupitia wavu wenye matundu madogo. Kambale mdogo akipenya kutoka mferejini, vifaranga utakavyonunua vitakuwa chakula chake.

Maji yakifika, funga mfereji, chomeka kijiti chenye alama. Kupungua sentimita moja kwa siku ni kazi ya jua. Zikiwa tano, bwawa linavuja, na mbolea utakayoweka itaondoka na maji. Ziba kwanza.

Sasa weka samadi kavu ndani ya uzio wa fito kwenye kona: ya kuku kilo 5 kwa mita 100 za mraba kila wiki, au ya ng'ombe kilo 10 hadi 15. Kwa kawaida maji huanza kuwa ya kijani baada ya siku 7 hadi 14, na penye baridi huchukua zaidi. Kijani hicho ni mwani, chakula cha kwanza cha kifaranga, na ndio unaotengeneza oksijeni mchana.

Kipimo unacho mkononi. Chuchumaa ukingoni, nyoosha mkono, kunja kiganja kitazame juu, uuzamishe wima polepole. Kiganja kikipotea machoni maji yanapogusa kiwiko, agiza vifaranga. Ukiviona vidole hata maji yakipita kiwiko, maji bado yana njaa, ongeza samadi. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo tu, umezidisha: usiku mwani nao hutumia oksijeni, na alfajiri utakuta samaki wametoa midomo juu wanatweta. Tope nalo huficha kiganja, kwa hiyo chota maji kwenye glasi uyaache. Tope litatuama, kijani kitabaki.

Usikawie vilevile. Bwawa lililoiva likakaa wiki nyingi bila samaki huvamiwa na vyura na wadudu wa maji, na watoto wa kereng'ende wanakula vifaranga bila huruma.

Mwenye bwawa la zege ana kazi nyingine. Saruji mpya hutoa chokaa na kupandisha pH kupita kiasi (pH ni kipimo cha tindikali: ikipanda, tindikali imepungua). Jaza, acha wiki, mwaga, rudia mara mbili au tatu. Wapo wanaotumbukiza migomba iliyokatwakatwa. Siwakatazi, ila mimi naamini karatasi ya kupimia. Isome kati ya 6.5 na 9.

Walioko kwenye baridi ya Njombe au Mbeya, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, watazame na kalenda. Sato (tilapia) hustawi kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 20 hula kwa shida. Kupandikiza Juni au Julai huko ni kulisha baridi. Heri Septemba.

Ukiwa bado na shaka, tanguliza vifaranga kumi ndani ya kizimba cha chandarua kwa saa 24. Vikiwa hai na vichangamfu, leta wenzao, wawili au watatu kwa mita ya mraba kama utategemea zaidi samadi. Wafike asubuhi au jioni. Mfuko waliosafirishwa nao uelee majini dakika 15 hadi 20, uufungue, uchanganye maji ya bwawa kidogo kidogo, halafu uulaze watoke wenyewe. Siku hiyo usiwalishe. Kesho yake, jua likishachomoza, rusha pumba laini kiasi cha kiganja kimoja, usimame kimya uone kama watapanda kula.