Megabiti 300 na goli la jirani: dhana potofu kuhusu mechi za mtandaoni

Mwezi huu pekee nimeulizwa swali moja na wateja watano, na mmoja wao kaniuliza mara mbili. Mtu amekata kebo, yaani ameacha TV ya kulipia, amefunga intaneti ya kasi, mechi inaonekana safi kama kioo, lakini jirani mwenye dishi anashangilia goli wakati kwake mpira bado uko katikati ya uwanja. Basi ananipigia: "Fundi, nipandishe kifurushi cha intaneti hadi ngapi ili twende sawa na jirani?"

Nimewafungia watu mitambo ya kutazamia mpira tangu enzi za madishi makubwa, na jibu langu ni lile lile: usipandishe. Mmoja alipandisha kutoka megabiti 20 hadi 300 kabla hata hajanisikiliza. Kelele za jirani bado zinamfikia kabla ya goli.

"Mechi inachelewa kwa sababu intaneti yangu haina kasi"

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa hiyo nitaikalia.

Anza na jirani. Mawimbi ya dishi lake yanapanda hadi kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, kisha yanashuka. Safari nzima ni kama robo sekunde. Ongeza muda wa kubana picha na shughuli za studio, unapata sekunde chache tu. King'amuzi chake hakiombi kitu kwa mtu. Mawimbi yanamwagika kwa wote kwa pamoja, nacho kinaonyesha kinachokifikia.

Mechi ya mtandaoni haiji hivyo. Tunasema "inatiririka", lakini kwa kweli inakatwakatwa. Picha ikitoka uwanjani inaingia kwenye enkoda, mashine ya kubana picha, inatengenezewa nakala kadhaa za ubora tofauti, na kila nakala inakatwa vipande vya sekunde kadhaa. Kila kipande ni faili linalowekwa kwenye seva, kisha programu iliyo kwenye TV yako inaliomba, moja baada ya jingine. Mfumo unaotumika sana ni HLS, ambao Apple waliutoa mwaka 2009. Wao wenyewe wanapendekeza kipande cha sekunde 6. Na kanuni za kiufundi za mfumo huo, zilizochapishwa mwaka 2017, zinaitaka programu isianze kuonyesha ikiwa karibu na mwisho wa orodha ya vipande kuliko urefu wa vipande vitatu. Tatu mara sita ni 18. Sekunde hizo 18 zimewekwa kwa makusudi, ziwe akiba, ili intaneti ikiyumba kidogo picha isigande. Kisha kumbuka kwamba kwa kawaida kipande hakitumwi kabla hakijakamilika, enkoda nayo inachukua muda wake, na seva za kusambaza zinachukua wao. Unafika nusu dakika bila mtu yeyote kufanya kosa popote.

Sasa tupige hesabu ya yule wa megabiti 300. Chukua picha ya HD inayotumia megabiti 8 kwa sekunde. Kipande cha sekunde 6 kina megabiti 48. Kwa intaneti ya megabiti 20, kinashuka kwa sekunde 2.4. Kwa ile ya 300, kinashuka kwa chini ya robo sekunde. Hata nikikupa faida yote hiyo, umeokoa sekunde mbili na ushei kati ya thelathini. Baada ya hapo intaneti yako ya bei mbaya inakaa bure, ikisubiri kipande cha mchezo ambao enkoda haijamaliza kuukata. Umekimbilia mkate ambao bado ni unga.

Hapo huja swali la pili, tena kwa sauti ya mtu aliyeninasa: "Mbona simu ya video haichelewi hivyo?" Kwa sababu simu ya video haiweki akiba kubwa. Picha ikiharibika, mnavumiliana, mnaendelea kuzungumza. Tena mko wawili, au kumi. Mechi inatazamwa na mamilioni kwa wakati mmoja na hakuna hata mmoja atakayevumilia penalti ionekane kama vigae vya bafuni. Teknolojia ya kupunguza kuchelewa ipo: Apple walitangaza toleo la HLS la namna hiyo mwaka 2019, ambalo kipande kinaanza kutumwa kwa vijisehemu kabla hakijakamilika, na kuchelewa kunaweza kushuka hadi sekunde chache. Lakini ukipunguza akiba, mtikisiko mdogo wa intaneti unagandisha picha. Kampuni nyingi zimeamua kwamba shabiki atasamehe kuchelewa kuliko kuganda, nami nikiwa fundi ninayepigiwa simu pande zote mbili, nakubaliana nazo.

Kinachokusaidia ni uthabiti wa intaneti, si ukubwa wake. Kila picha inapoganda kisha ikaendelea, programu nyingi zinaendelea pale zilipoachia, kwa hiyo unabaki nyuma zaidi na zaidi. Nimewahi kukuta TV mbili katika nyumba moja, intaneti moja, programu moja, zimepishana kwa karibu dakika nzima kwa sababu moja ilisimamishwa kidogo kipindi cha kwanza, mtu akaenda jikoni. Ukirudi, bonyeza kitufe cha mubashara au toka kwenye programu uingie upya. Unganisha TV kwa waya badala ya Wi-Fi kama unaweza. Na tafadhali, tafadhali, zima arifa za matokeo kwenye simu. Anayeingiza matokeo yuko uwanjani, maandishi hayana uzito wowote, na mara nyingi yatakufikia kabla ya picha. Watu wananunua ruta mpya kumbe adui yuko mfukoni.

"Ikiganda, kosa ni la kwangu"

Mara nyingine ndiyo, hasa ruta ikiwa imefichwa nyuma ya kabati. Lakini elewa tofauti: mnara wa TV hautambui kama unatazamwa na watu kumi au milioni kumi, mawimbi ni yale yale. Mtandaoni kila mtazamaji anahudumiwa nakala yake. Mtazamaji akiongezeka, mzigo unaongezeka. Tarehe 15 Novemba 2024, Jake Paul alipopigana ngumi na Mike Tyson kule Arlington, Texas, Netflix walisema walifikia mitiririko milioni 65 kwa wakati mmoja, na malalamiko ya kuganda yalijaa kila mahali. Simu yangu haikupoa usiku ule. Wote walitaka nikague ruta zao.

Si kwamba haiwezekani. Mwaka mmoja kabla, fainali ya Kombe la Dunia la kriketi kati ya India na Australia ilitazamwa na watu milioni 59 kwa mpigo kwenye Disney+ Hotstar, huduma ya mtandaoni ya India. Ila kazi hiyo inajengwa kwa miaka. Ikiganda, uliza kwanza wengine. Kama wote wamegandiwa, iache ruta yako ipumzike.

"Nikikata kebo nitaokoa pesa"

Unaokoa kama unafuata ligi moja yenye nyumba moja. Anayependa MLS pekee, ligi ya soka ya Marekani, hana shida. Tangu 2023 mechi zake ziko Apple, bila kufungiwa kwa sababu ya eneo. Lakini mpenzi wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ahesabu vizuri akiwa Marekani. Msimu wa 2024 mechi nyingi za Alhamisi zilikuwa Amazon, zile mbili za Krismasi zilikuwa Netflix, kifurushi cha mechi za Jumapili zisizoonyeshwa eneo lako kilikuwa YouTube, na nyingi zilizosalia zikabaki kwenye chaneli za kawaida. Na YouTube TV, ambayo wengi waliikimbilia kama mbadala wa kebo, ilianza mwaka 2017 kwa dola 35 kwa mwezi. Januari 2025 ilifika dola 82.99. Hiyo ni kebo iliyovua waya.

Ufaransa ni mfano mwingine. Mwaka 2020 Mediapro, kampuni iliyonunua haki za kuonyesha ligi kuu ya huko, Ligue 1, waliacha kulipa katikati ya msimu. Agosti 2024 mechi nyingi za Ligue 1 zikaenda DAZN, huduma ya michezo ya mtandaoni, euro 29.99 kwa mwezi kwa aliyejifunga mwaka mzima. Mkataba ule wa miaka mitano ukafa baada ya msimu mmoja, na mwaka 2025 ligi ikafungua huduma yake yenyewe, Ligue 1+, kwa euro 14.99. Bei imeshuka, sawa. Lakini shabiki amejisajili, amejiondoa, amejisajili tena. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: usijifunge mwaka mzima kwa ajili ya haki za matangazo ambazo zenyewe hazina uhakika wa mwaka mzima.

"Ligi zinalipwa na mashabiki"

Hili watu huliona dogo, na kwangu ndilo linaloeleza mengine yote. Kwa miongo kadhaa ligi za Marekani zililipwa kwa sehemu kubwa na watu wasiotazama. Kifurushi cha kebo kilikuwa kimoja. Bibi anayetazama mapishi tu alilipia ESPN, chaneli kubwa ya michezo, na chaneli ya michezo ya mkoa wake bila kujua. Mwaka 2011 ESPN ilikuwa kwenye nyumba takriban milioni 100. Bibi alipokata kebo, hakuikatia kampuni ya kebo peke yake, alizikatia na timu.

Waliogongwa kwanza ni wenye chaneli za mikoa. Sinclair, kampuni ya TV, walinunua chaneli 21 za namna hiyo kutoka Disney mwaka 2019, kwa thamani ya dola bilioni 10.6. Machi 2023 kampuni tanzu iliyozimiliki, Diamond Sports Group, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Mwisho wa Mei mwaka huo iliacha kuwalipa San Diego Padres, na ligi ya besiboli yenyewe ikachukua matangazo yao katikati ya msimu. Sasa unajua kwa nini bei ya mtandaoni inapanda: aliyebaki ni shabiki, na analipa peke yake bili iliyokuwa inagawanywa na mtaa mzima.

"TV ya kawaida imekufa"

Haijafa. Ni kweli kwamba Mei 2025, kwa vipimo vya Nielsen, kampuni inayopima watazamaji, utazamaji wa mtandaoni Marekani ulizidi chaneli za hewani na kebo zikijumlishwa, kwa mara ya kwanza. Lakini Super Bowl, fainali ya NFL, ya Februari 2025 ilipata wastani wa watazamaji milioni 127.7, na wengi wao walikuwa nje ya mtandao. Tubi, walioionyesha bure mtandaoni, walichangia milioni 13.6. NFL hata inapouza mechi kwa mtandao pekee, miji ya timu zinazocheza huonyeshwa bure hewani: Januari 2024 mechi ya Chiefs wa Kansas City na Dolphins wa Miami ilikuwa Peacock tu, huduma ya mtandaoni, kwa nchi nzima, lakini Kansas City na Miami waliiona kwa antena. Na Phoenix Suns, timu ya mpira wa kikapu, mwaka 2023, waliacha chaneli ya kulipia wakarudi kwenye chaneli za bure za hewani.

Mteja akiniuliza kifaa gani anunue kwa ajili ya mpira, kitu cha kwanza ninachotaja ni antena. Wananitazama kama nimewauzia redio ya mkulima. Antena haina bili ya mwezi, haina neno la siri, na goli linawahi.

"Nimelipia, nitaona kila mechi"

Soma masharti. Wakazi wa jimbo la Iowa, lisilo na timu hata moja ya ligi kuu ya besiboli, kwa miaka mingi walifungiwa mechi mubashara za timu sita za majimbo ya jirani kwenye MLB.TV, huduma ya mtandaoni ya ligi hiyo, kwa kuwa zote zilidai eneo hilo ni lao. Uingereza nako mechi za soka za Jumamosi kati ya saa 8:45 na 11:15 alasiri haziruhusiwi kuonyeshwa mubashara, ulipie usilipie. Na kabla hujauliza: VPN, programu ya kuficha uko wapi, inavunja masharti ya huduma nyingi, huweza kukuzimia katikati ya mechi, na inazungusha picha njia ndefu zaidi. Usiniite kwa sababu yake.

"4K ndiyo bora kwa mechi"

Mechi nyingi zilizouzwa kwa jina hilo hazikupigwa kwa 4K. Chaneli ya Fox waliionyesha Super Bowl ya 2020 kwa picha ya 1080p (HD, chini ya 4K) yenye HDR (rangi na mwanga zaidi) iliyokuzwa tu. Ilipendeza, sikatai, kwa sababu ya rangi. Lakini nakala ya 4K ni nzito, enkoda inaifanyia kazi kubwa zaidi, na kwa wateja wangu mara nyingi ndiyo iliyokuwa nyuma ya zote. Yule wa megabiti 300 alikuwa kwenye 4K.