Vitabu vya watoto baada ya mafuriko: yanayosemwa na yalivyo

"Tukusanye leo, kesho tupeleke."
Maji yakijaa Kahe au Mabogini, haraka ya watu wa Moshi mjini inaeleweka. Ila wiki ya kwanza shule yenyewe huenda imegeuzwa makazi ya muda: madarasani wamelala watu, ofisini kuna magodoro na viroba vya unga. Boksi la vitabu huishia barazani, na mvua bado ipo. Tope liliposhuka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023, ilibaki kama mwezi mmoja shule zifunguliwe Januari. Muda wa namna hiyo ndio wa kukusanya na kuchambua. Anzeni kwa afisa elimu kata na mwalimu mkuu: shule ipi, watoto wangapi kila darasa, nini kilichosombwa.

"Kitabu ni kitabu tu."
Hapa ndipo michango mingi inapoharibika. Vinavyoletwa kwa wingi ni vitabu vya mazoezi vilivyokwisha kujazwa majibu, na vya Kiingereza kutoka shule binafsi, wakati shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Mtaala ulioboreshwa nao ulianza kuingia kwa awamu Januari 2024, kwa hiyo kiada cha kaka mtu huenda hakimfai mdogo wake. Vya kiada iachieni serikali. Ninyi tafuteni vya hadithi, vya Kiswahili kwanza.

Kila kitabu kikaguliwe: shika majalada mawili utikise kidogo, tazama kama ukurasa wa kwanza na wa mwisho upo, kisha nusa. Chenye uvundo kikifungiwa ndani ya boksi huambukiza vya jirani. Kilicholowa kisimamishwe wima, kurasa zimeachana, kivulini penye upepo. Kikikaa saa 48 bila kukauka, ukungu huanza. Jua kali hupinda jalada. Vya karatasi za kung'aa vikilowa hugandana. Hivyo usihangaike navyo.

"Boksi kubwa hupunguza safari."
Hupunguza safari, huongeza hasara. Boksi la ndizi likijaa vitabu hufumuka chini linaponyanyuliwa, na salfeti hukunja pembe zote. Tumia boksi la karatasi za A4, lile la rimu tano: limetengenezwa kubeba kilo 12 na nusu, na mtu mmoja analimudu. Laza vitabu, vikubwa chini, mianya ijazwe magazeti. Ubavuni, si juu, andika darasa (1–2, 3–4 au 5–7) na idadi. Maboksi yakishapangwa, maandishi ya juu hayaonekani, na mwalimu atalazimika kufungua yote kutafuta ya darasa la kwanza.

"Tukishakabidhi, tumemaliza."
Shule iliyopoteza makabati itaviweka sakafuni, na mchwa hawana subira. Sehemu ya mchango iwe fedha ya fundi: rafu ya mbao iliyoinuliwa angalau sentimita 10 kutoka sakafuni, isigusane na ukuta. Ongezeni daftari la kuazima lenye jina, darasa, kitabu na tarehe. Kufuli liwe na funguo mbili kwa watu wawili. Ikiwa moja tu, mwalimu akihamishwa nayo, vitabu hukaa ndani hadi mtu apate ujasiri wa kuvunja.