Komisio ya kurtie wa bima haikufilisi, hesabu mbaya ya stoki ndiyo inayokufilisi

Wiki hii nimelisikia tena, mara tatu: "Papa, heri niende mwenyewe kwenye kampuni ya bima, ile komisio yako ibaki mfukoni mwangu." Mimi ni kurtie, yaani wakala huru wa bima, hapa Lubumbashi na komisio ndiyo inayonilisha, mnisome mkijua hilo.

Komisio haiongezwi juu ya ada ya bima, imo ndani yake. Ukienda mwenyewe, mimi sipati kitu, lakini kampuni inamlipa aliyekupokea dirishani, kodi ya ofisi yake na mafuta ya gari lililokuja kukagua depo yako. Ni kweli kwamba kuuza bila mawakala huru kunaipunguzia kampuni gharama. Huko Marekani, mchumi Paul Joskow alilionyesha mwaka 1973. Lakini mwaka 1997 watafiti Berger, Cummins na Weiss walipima faida pia, si gharama peke yake, na sehemu kubwa ya pengo kati ya njia hizo mbili za kuuza ikatoweka. Wakala huru anagharimu zaidi kwa sababu anafanya kazi zaidi, na wateja wanailipia.

Kazi gani? Mama mmoja wa Kampemba aliniletea mkataba aliojichukulia mwenyewe, bidhaa zimeandikwa dola 20,000. Tulienda depo, tukahesabu magunia ya unga, madumu ya mafuta, katoni za sabuni hadi zile za nyuma ya mlango: dola 40,000. Alikuwa ameandika kidogo ili ada ishuke. Kumbe ukiweka bima ya nusu ya mali, unalipwa nusu ya hasara. Moto ungekula bidhaa za dola 10,000, angepewa 5,000. Hapo ndipo pesa zinapopotea, jamani! Kila mkataba unapofanywa upya, hesabuni stoki upya, na risiti za manunuzi zilale nyumbani, zisilale depo.

Yako na maneno mengine ninayoyasikia. "Bima ni SONAS tu." Hiyo ni kampuni ya bima ya serikali, na ukiritimba wake wa tangu 1966 ulifutwa na sheria ya Machi 2015. Ulizeni bei kwa kampuni mbili tatu.

"Nimeshamlipa kurtie, basi nimelindwa." Hata kama kurtie ni mimi, dai mkataba wenye saini ya kampuni.

"Andika bei niliyonunulia parsele," yaani kiwanja na nyumba yake. Udongo hauungui. Andika gharama ya kujenga nyumba upya, kwa bei ya simenti na mabati ya leo.