Kichwa Kikikugonga Mlimani, Usipande Tena: Maswali na Majibu

Kila msimu vijana wa Nungwi na Paje, hapa Unguja, wanaovuka bara kwenda kupanda Kilimanjaro hupita kituoni kwangu cha afya kuomba dawa za safari. Wakirudi, hadithi ni ile ile: kichwa kiligonga, wakameza Panadol, wakaendelea kupanda. Ndiyo maana naandika.

Ugonjwa wa mlimani ni nini?
Ni mwili kukosa oksijeni kwa sababu umepanda haraka kuliko unavyoweza kuzoea. Huweza kuanza kwenye mita 2,500 hivi. Kileleni Uhuru, mita 5,895, pumzi moja inakupa takriban nusu ya oksijeni unayoipata ukiwa umekaa Forodhani, kando ya bahari. Kichwa huuma, moyo huchafuka, chakula hakishuki, usingizi hukatika.

Mimi mzamiaji, kifua changu kipana. Nitaumwa?
Unaweza. Mbizi inakufunza kubana pumzi kwa dakika chache. Mlima unakupunjia hewa usiku na mchana. Ujana na mazoezi si kinga. Mara nyingi wenye nguvu ndio wanaoumia, kwa kuwa waongozaji wakisema "pole pole" wao hawasikii.

Kichwa kikiuma, nimeze Panadol niendelee?
Hapana. Panadol meza, lakini baki hapo ulipo. Usiongeze hata hatua moja ya kupanda mpaka dalili ziishe. Zikizidi, shuka.

Nitajuaje kuwa hali ni mbaya?
Mtazame mgonjwa miguu. Kijana mmoja alinionesha video aliyorekodiwa na wenzake kambini: anakwenda kama mlevi, anajaribu kuvaa glavu mguuni, na wao wanacheka wakidhani ana usingizi. Ule haukuwa usingizi, ubongo ulikuwa unavimba. Mwambie mgonjwa atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akipepesuka, ni hatari. Hatari pia ni yule anayetweta hali amekaa, anakohoa, pengine kwa povu la rangi ya waridi: mapafu yake yanajaa maji.

Tusisubiri kupambazuke kwanza?
Hapana, hapana! Mshusheni saa hiyo hiyo, usiku huo huo, pamoja na mtu wa kumshika mkono. Oksijeni na deksamethasoni (dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo), zikiwepo, apewe, lakini haziwi badala ya kushuka. Najua mtu amejinyima mwaka mzima kulipia safari, na pesa hairudi. Mshusheni hata hivyo. Anayepepesuka saa nne za usiku anaweza kuwa maiti alfajiri.

Kuna dawa ya kinga?
Ipo, asetazolamidi, wengi wanaijua kwa jina la Diamox. Huanzwa siku moja kabla ya kupanda, kwa kuandikiwa na daktari; ukiwa na mzio wa dawa za salfa, sema. Mwenye selimundu asipande kabisa. Kinga kubwa zaidi ni siku. Msichague safari za siku 5 kwa sababu tu bei yake ni nafuu. Chukueni 7 au 8. Wa njia ya Marangu alale siku mbili kambi ya Horombo, mita 3,720.

Na theluji, itaniporomokea?
Maporomoko makubwa ya theluji ni habari ya milima kama ya Ulaya. Kilimanjaro uogope zaidi mawe: Januari 2006 yaliua wapandaji watatu upande wa Western Breach. Theluji yenyewe huumiza macho kwa kurudisha mwanga wa jua, basi vaa miwani ya giza. Usiku wa kwenda kileleni baridi hushuka chini ya sifuri, na fulana ya pamba iliyolowa jasho haikufai kitu.

Akishuka akapata nafuu, apande tena?
Aliyeumwa kichwa tu, anaweza, dalili zikiisha bila msaada wa dawa. Aliyepepesuka au aliyetweta hali amekaa, safari yake imekwisha. Mpelekeni hospitali, hata akiapa kuwa mzima.